Gari Likiita Majina

Kazi ya mume wangu ni kusomesha funguo za magari. Watu wakiuliza, mimi ndiye ninayewajibu, kwa kuwa yeye akianza kueleza huchoka kabla hajafika katikati, na siku hizi anachoka upesi. Mtaani wanamwita Chipu. Jina lilitokana na kibao alichotundika mlangoni zile siku za mwanzo, kimeandikwa FUNGUO ZA CHIPU kwa rangi nyekundu, na watoto wa shule wakawa wanapanga foleni dirishani kuulizia chipsi. Wengine walikuja na sahani. Alipochoka kuwaeleza akakiteremsha kibao, lakini jina likawa limeshamganda, na hata mimi nikikasirika ndilo ninalomwitia.

Ufunguo wa gari la siku hizi si chuma tu. Ndani ya ile plastiki yake mna kidude kidogo kama punje ya mchele, ndiyo chipu yenyewe, na kidude hicho kina namba yake. Gari nalo lina akili ya kuikumbuka namba hiyo. Ukichonga ufunguo mpya ukafanana na wa zamani kama pacha, utafungua mlango, utaingia, utakaa, redio utaisikiliza mpaka betri ife, ila injini itakukatalia. Ufunguo wa namna hiyo mume wangu anauita mbumbumbu. Ili uelimike, huchomeka waya wa mashine yake chini ya usukani, akaliamsha gari na kulitambulisha kwa mgeni wake. Hilo analiita darasa.

Darasa lina sheria moja, na nimeisikia mara nyingi hata naweza kuitamka nikiwa usingizini. Siku ya darasa, funguo zote za gari lazima ziwepo. Gari husahau yote liliyoyajua na kuita majina upya. Ufunguo uliopo unaandikwa. Usiokuwepo unafukuzwa shule, hata kama ndio ulioliwasha gari hilo tangu litoke kiwandani. Si magari yote yako hivyo, lakini mengi yanayoletwa kwetu ndivyo yalivyo, na wateja hawasikii. Bwana mmoja aliuacha ufunguo wa pili nyumbani kwa uvivu tu, kesho yake mke wake akakwama nje ya hospitali na mama mkwe kwenye kiti cha nyuma. Mke huyo alikuja dukani kwetu kumtukana mume wangu, wala si mume wake. Mwingine alipoambiwa kwamba ule aliomwachia mtu fulani utakufa, alivuta kiti akakaa vizuri na kusema, "Ndiyo maana nimekuja."

Duka letu ni chumba chembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nyuma kuna mashine ya kuchongea inayopiga kelele za kukera meno, na unga wa chuma umejaa kwenye nywele za mume wangu, kwenye nyusi, kwenye mto anaolalia. Mbele nakaa mimi. Kazi yangu ni kumwomba kila mteja kadi ya gari na kitambulisho, nikatazama sura yake na picha yake, na asiyekuwa navyo namwonyesha mlango. Nimetukanwa na watu wazima wenye suti. Nimeitwa askari wa kike, nimeitwa kichwa kigumu, na mmoja aliniita mke wa Chipu asiye na chumvi. Hilo la mwisho mume wangu alilicheka siku nzima.

Hatukuwa wakali kwa kupenda. Gari likiibwa popote hapa mjini, watu wa kwanza kutembelewa ni sisi. Wanakuja polisi wawili, wanasalimia kwa adabu, wanauliza habari za watoto, kisha wanauliza mume wangu alikuwa wapi. Anawajibu. Wanapekua droo, wanamwaga funguo mezani, wanaondoka bila kuzirudisha, na mimi ndiye ninayezipanga tena. Wezi nao wamekuja, msidhani hawakuja. Wanakuja na maneno ya asali, gari ni la kaka, kadi imepotea, fundi tusaidie tu. Mume wangu amezeeka kwa kukataa. Huku anashukiwa kwamba ni mwizi, kule anaonekana mjinga kwa kuwa si mwizi, na katikati ana magoti yanayouma kwa kuinama chini ya usukani wa watu. Ndiyo maisha yake, na mimi ndiye shahidi wake.

Tuna mtoto mmoja tu, binti, karani wa shule ya msingi. Aliolewa na dereva. Mkwe wetu ni kijana mchangamfu, mcheshi, na nikisema nilimpenda sitii chumvi. Alikuwa akija hapo dukani ananiita mama kwa sauti ya mtoto niliyemzaa, ananiletea mkate wa moto, anamtania baba mkwe wake kwamba aziuze zile nywele zake kwa watu wa vyuma chakavu. Nilijisifu kwa jirani zangu mpaka wakaanza kunikwepa.

Alikuwa anamwendesha bibi mmoja mwenye duka la dawa, mjane, macho yake yamekwisha kiasi kwamba anasoma maandishi ya chupa kwa kuyagusisha pua. Gari ni la bibi. Lilikuwa na funguo mbili. Mmoja unakaa na mkwe, wa pili bibi aliufunga kwenye kitambaa akauweka kwenye droo ya kabati lake na haukutoka humo. Akishuka garini, mkwe alikuwa anamshika kiwiko na kumwongoza mpaka mlangoni. Watu walikuwa wakiwatazama na kusema, mtazame yule, anamtunza kama nyanya yake.

Basi gari likaibwa. Liliibwa mchana kweupe, mbele ya duka la dawa, mkwe akiwa ndani anabeba maboksi. Hakuna kioo kilichovunjwa, hakuna kelele. Lilikuwepo, halafu halikuwepo. Watu wa bima wakasema neno lao, kwamba gari la aina ile haliwaki bila ufunguo wake, na kwa kuwa wa bibi ulikuwa kwenye droo, basi mwenye kujibu ni dereva. Polisi walizichukua funguo zote mbili wakazitia kwenye bahasha, na mkwe wakamtia mahabusu. Mume wangu ndiye aliyekwenda kumdhamini. Alitia saini, akarudi, akakaa kwenye kiti chake bila kuiwasha mashine.

Binti yetu alikuja dukani siku iliyofuata, mtoto mgongoni. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Alimuuliza baba yake kama kweli gari haliwezi kuibwa bila ufunguo.

"Linaweza," mume wangu akasema.

"Basi nenda ukawaambie, Baba. Wewe si unajua?"

Mume wangu akaanza kupanga funguo mezani. Mimi nilijua kilichomzuia. Miaka yote hiyo ameishi kwa kufunga mdomo, kwa sababu fundi anayesimama mbele ya polisi na kueleza jinsi gari linavyoibwa, swali litakalofuata ni yeye amejuaje. Alikuwa amechoka kushukiwa. Lakini binti yake alikuwa amemkazia macho, na mimi, niseme kweli, nilimsukuma. Nilimwambia jioni ile kwamba kama mume wa binti yetu ataozea jela huku baba mkwe wake ana jibu mfukoni, mimi sitampikia tena. Alitazama sufuria, akanitazama, akasema sawa.

Bahati ikatokea. Gari lilikutwa ndani ya ghala la kukodi nje ya mji, namba zimeng'olewa, likisubiri kuvushwa. Lilikuwa zima. Mume wangu alikuwa ananawa mikono nilipomsimulia habari hiyo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule uanze nilimwona anatabasamu. Alinieleza polepole, huku akikwangua kucha. Mwizi anayetumia mashine bila ufunguo wowote hana njia nyingine, lazima alifutie gari majina yote, kisha aliandikishe la kwake peke yake. Kwa hiyo funguo za zamani zote mbili zitakuwa zimekufa. Akizipima mbele ya polisi zikashindwa kuwasha, kijana atakuwa huru, na hakuna wa bima atakayeweza kusema kitu.

Nikamuuliza, na kama zote mbili zinawasha? Akasema hapo itakuwa hatujui chochote, labda walilivuta, lakini haielekei. Alikuwa na uhakika. Alimwamini yule kijana, na mimi nilimwamini zaidi. Kwamba mmoja unaweza kuwa hai na mwingine umekufa, hakulitaja, wala mimi sikulifikiria.

Alimwendea mpelelezi na kuomba azipime funguo. Mpelelezi alikuwa mtu wa makamo mwenye kikohozi, kazi zimemlundikia, akakubali kwa kuwa haikumgharimu kitu. Alitaka kujua kipimo kitaonyesha nini. Mume wangu akamwambia ngoja nipime, nikishapima nitakwambia. Ndivyo alivyo. Mteja anaweza kumlilia, hatasema neno kabla ya kupima.

Siku yenyewe tulikwenda watatu kwa miguu, mimi, yeye na mkwe. Mimi nilibeba betri ya akiba, ila ukweli ni kwamba nilitaka kuwepo kijana wetu akisafishwa. Binti alibaki kazini, akanisihi nimpigie simu kila kitu kikiisha. Njiani mkwe alikuwa na maneno mengi. Alimuuliza mume wangu anakwenda kupima nini hasa.

"Funguo."

"Zikiwasha ni vizuri, Baba?"

"Tutaona."

Kijana akacheka, akanitania kwamba baba ni mgumu kutoa maneno kuliko benki kutoa mkopo. Nikacheka naye. Nakumbuka nilicheka sana.

Uwanja wa nyuma wa kituo umejaa magari yaliyokufa, majani yameota kwenye matairi. La bibi lilikuwa karibu na ukuta, juani, limejaa vumbi. Bibi alikuwa ameshafika, ameletwa na msichana wa dukani kwake ambaye aliombwa asubiri nje ya geti. Alisimama peke yake karibu na boneti, mkoba ameukumbatia. Aliisikia sauti ya mkwe wetu akageuza uso upande ule na kumsalimia kama zamani, na mkwe akaitikia kwa mbali.

Mpelelezi akafungua bahasha. Mume wangu aliingia garini kwa kujikokota, mguu mmoja, kisha goti, kisha mwingine. Akaanza na ufunguo wa bibi. Akauzungusha. Taa za mbele ya usukani zikawaka zote, na ile taa ndogo yenye alama ya ufunguo ikawa inamwekamweka. Injini ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Moyo wangu ukashangilia. Wa kwanza umekufa, nikasema kimoyomoyo, bado wa pili.

Akachukua wa mkwe. Ile taa ndogo iliwaka mara moja ikazimika, na injini ikawaka.

Mkwe alipiga makofi. "Mnaona sasa?" akasema. "Ufunguo wangu mzima kabisa. Mimi nimesema tangu mwanzo."

Niliegemea lori bovu lililokuwa nyuma yangu, na kutu ikanichafua gauni lote. Mume wangu hakuizima injini. Alikaa tu, mikono juu ya usukani, anatazama mbele mahali palipokuwa na ukuta tu. Kisha akainama, akachomeka waya wa mashine yake, akaliuliza gari linajua majina mangapi. Nilikuwa namwona midomo. Mawili. Moja lilikuwa la ufunguo huo huo uliokuwa unawasha. La pili halikuwa la bibi. Kulikuwa na mgeni ameandikishwa, na siku anaandikishwa, ufunguo wa mkwe wetu ulikuwa darasani ukaitikia jina. Wa bibi ulikuwa umelala kwenye kitambaa, ukafukuzwa.

Hapo uwanjani tuliojua kwamba gari limeyasema hayo tulikuwa wawili tu.

Mpelelezi alijua yake. Alikohoa, akakuna kidevu, na kama mtu yeyote mwenye akili timamu asiyejua kazi hii, akaona kwamba ufunguo mzima ni ufunguo mwema na ufunguo mbovu ndio wenye kasoro. Akamgeukia bibi. Alimuuliza ufunguo wake una nini. Bibi akasema haujatoka kwenye droo. Akamuuliza ni nani amewahi kupewa, bibi akasema hakuna, mwanangu. Sauti ya mpelelezi ikaanza kubadilika. Alimuuliza bima ya gari aliikata lini. Alimuuliza kama duka linaendaje siku hizi, kama ana madeni. Bibi alikuwa anageuza kichwa huku na huku akiitafuta ile sauti inakotoka, halafu akanyoosha mkono pembeni, ule mkono aliozoea kushikwa kiwiko, akawa anapapasa hewa. Mkwe wetu alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Hakusogea. Alikuwa anatazama viatu vyake, na kicheko kilikuwa bado hakijamtoka usoni.

Nikamtazama mume wangu. Sikusema kitu kwa kinywa, lakini baada ya ndoa ndefu kinywa ni cha nini. Nilimwomba. Nilimwomba kwa macho yote niliyonayo. Mashine hukosea, kila mtu anajua mashine hukosea. Angesema maneno hayo mawili matatu tu, akazungusha waya wake, tukaenda zetu nyumbani, binti yetu akawa na mume na mjukuu wetu akawa na baba. Bibi wangemhoji, wangemsumbua, mwishowe wangemwacha, mzee kama yule watamfanya nini. Hayo niliyapanga kichwani mwangu haraka mpaka nikajishangaa.

Mume wangu alinitazama. Nimemwona amechoka maisha yangu yote, lakini uchovu ule sikuwahi kuuona.

"Haya, fundi," mpelelezi akasema. "Maana yake nini?"

Akazima injini. Akatoka garini kwa utaratibu ule ule, goti kisha goti. Akaweka mkono juu ya paa la gari.

"Afande, mwache bibi," akasema. "Ufunguo wake umekufa kwa sababu haukuwepo. Gari hili limefundishwa ufunguo mwingine, na siku linafundishwa, ufunguo uliokuwepo ni huu wa dereva. Kama ungekuwa mfukoni kwake, ungekufa kama wa bibi."

"Kwa nini wasiuache ufe?"

"Dereva alikuwa na safari ya kumrudisha bibi nyumbani siku hiyo. Angeliwashaje?"

Mkwe alianza kucheka, kicheko kikakatika. Akasema kwamba baba anatania. Akasema mashine ile ni ya zamani. Mume wangu hakubishana naye. Alimgeukia tu na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, sema mwenyewe. Usiningoje mimi."

Akasema. Yalimtoka bila mpangilio, kama mfuko uliopasuka chini. Kulikuwa na wanaume aliojuana nao pale wanapoosha magari. Kabla gari halijaibwa, walimwomba gari na ufunguo kwa muda wa kuoshwa tu, huku yeye anakunywa soda. Walimwahidi chake. Walimwambia bima italipa, bibi atapata gari jipya, hakuna atakayeumia. Alisema hilo mara nyingi, hakuna atakayeumia, huku akinitazama mimi, kwa kuwa alijua mimi ndiye niliye dhaifu kwake.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakumlaani. Alisema, "Nilikuletea blanketi ulipokuwa ndani. Nilisikia sakafu ni baridi." Kisha akauliza kama kuna mtu wa kumtoa nje, na mume wangu akaenda kumshika kiwiko.

Tulirudi wawili. Betri niliibeba mimi, na nilitembea mbele yake njia nzima ili asinione uso. Simu ya binti ilikuwa inalia mfukoni mwangu, inakatika, inalia tena. Sikuipokea. Nyumbani nilimwekea chakula mezani kwa kishindo hata mchuzi ukaruka. Nilitaka anikaripie tugombane, nipate pa kutolea. Alikula kidogo, akaosha sahani yake mwenyewe, jambo asilolifanya, akavaa viatu tena. Alisema anakwenda kumwambia binti kwa mdomo wake, asiyasikie kwa watu. Nilikataa kwenda naye. Aliporudi sikumuuliza, lakini alinieleza hata hivyo. Alimwambia mlangoni, binti akasikiliza, akafunga mlango. Hakuufunga kwa hasira. Aliufunga tu.

Siku zikapita. Duka tulifungua kama kawaida kwa sababu hakuna siku wateja wanakosa kupoteza funguo. Mimi na mume wangu tukawa tunaongea mambo ya kadi na vitambulisho, basi. Majirani walikuwa wameshapata habari, na kama kawaida yao walikuwa wamegawanyika. Kuna waliosema Chipu ni mtu wa haki, na kuna waliosema baba gani anamtia mume wa mwanawe jela kwa mkono wake. Mimi nilikuwa upande wa hao wa pili. Sikuwaambia, lakini ndiko nilikokuwa. Mke ana haki ya kumkasirikia mumewe hata kama mumewe ametenda sawa, na mimi nilimkasirikia kwa moyo wangu wote. Nikimwona ameinama kwenye mashine, unga wa chuma umejaa kichwani, hasira ilikuwa inanipanda pamoja na huruma, na sikujua ipi niishike.

Polisi nao walikuja, wale wale. Safari hii hawakupekua droo. Walitaka awaeleze zaidi kuhusu hayo majina ya funguo, na walimwita mzee. Mume wangu aliwaeleza kidogo, akachoka, akanionyesha mimi kwa mkono niendelee.

Asubuhi moja binti akaja. Mtoto alikuwa mgongoni, na mkononi alikuwa na begi la nguo. Alikuwa amekonda usoni. Nyumba yao ilikuwa imeshamshinda, na shuleni walimpa ruhusa ya siku chache. Mume wangu alizima mashine. Binti hakukaa kwenye kiti cha wateja. Alisimama katikati ya duka, na duka lenyewe mnalijua, ukisimama katikati umekaribiana na kila mtu.

"Baba," akasema, "ungesema mashine imekosea, wangekuamini?"

"Wangeniamini."

"Hakuna mwingine aliyejua?"

"Mama yako tu."

Binti akamuuliza, basi kwa nini. Hakuuliza kwa ugomvi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua njia.

Mume wangu aliukung'uta unga wa mikononi, akafikiri. Nilidhani atasema habari za haki, au za jina lake alilolilinda miaka yote. "Yule bibi alikuwa anatafuta pa kushika," akasema. "Na mumeo alikuwa amesimama pale pale."

Mtoto alijinyoosha mgongoni akagumia, binti akambembeleza kwa kutikisa bega. Halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe, Mama? Wewe ungefanyaje?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini alikuwa mwanangu, na amedanganywa vya kutosha na watu wanaompenda. Nikamwambia kweli. Nikamwambia kwamba mimi nilimwona yule bibi vilevile, nilimwona mkono unavyopapasa, na kwamba mimi ningenyamaza kwa ajili yake yeye.

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu yote yatokee. Begi likamwanguka. Mimi nikasimama, nikafungua mikono yangu kumpokea, na binti yangu akanipita, akaenda kumwegemea baba yake.